Uwazi wa Vidole Viwili

Mto ule wa kiti cha gari ulikuwa umepigwa fundo kila mshono, na hilo peke yake lingetosha kumfanya Mama Kasuku auweke chini. Lakini siku ile kazi zilikuwa nyingi, naye mikono yake ilizoea kufumua kabla kichwa hakijauliza.

Alikuwa fundi wa viti vya magari. Mumewe alikuwa fundi wa redio na skrini, zile skrini ndogo zinazokaa nyuma ya mto wa kichwa wa kiti cha mbele, ili abiria wa nyuma watazame katuni au sinema njia nzima. Walikuwa na karakana moja na meza mbili zilizotazamana. Mke anaufumua mto, mume anaipachika skrini, mke anaushona tena. Na upande wa chini, mahali pasipoonekana, Mama Kasuku aliacha sehemu ndogo bila kushona, upana wa vidole viwili. Skrini ikianza kusumbua, mumewe hupenyeza vidole pale, akashika waya, bila kuharibu kazi nzima. Kwa miaka minane mkono wake ulikuwa unauacha uwazi ule wenyewe, hata akiwa anapiga soga.

Mto huu mumewe aliutoa kwenye uwanja wa magari yaliyogongwa. Ulikuwa na skrini yake tayari, kioo kizima bila mkwaruzo.

"Mama Kasuku, njoo uone zawadi ya mwanao."

"Ya mwanangu, au yako?"

"Yetu sote. Nataka asubuhi moja tu niendeshe gari bila kuulizwa mwezi unalala wapi."

Mama Kasuku alicheka, kwa sababu mumewe hakuwa ametia chumvi. Binti yao alikuwa na miaka mitano na jina la Kasuku alipewa na majirani, wala hawakumwonea. Alianza kuongea kabla hajafungua macho. Ndani ya gari ndiyo usiseme, aliuliza kuanzia getini kwao mpaka getini shuleni, na jibu moja lilizaa maswali matatu.

Ngozi ya mto ilikuwa imechanika pembeni, ikabidi ibadilishwe. Mama Kasuku akaugeuza, akashangaa.

"Baba Kasuku, umeuona mshono huu? Wa mkono. Uzi mwekundu kwenye ngozi nyeusi, na kila mshono una fundo lake. Halafu hakuacha uwazi. Amezunguka pote."

"Labda ndiyo kwanza alikuwa anajifunza."

"Anayejifunza hashoni hivi. Huyu alikuwa hataki mtu afungue."

Alisema hivyo huku anafungua. Alikata fundo moja baada ya jingine, na alipolikata la mwisho, harufu ikapanda kutoka kwenye sponji, harufu ya nywele zilizoungua. Skrini ikawaka.

Waya wake ulikuwa umelala mezani, haujachomekwa popote. Kwenye kioo alijiona mwenyewe, kutoka chini, kana kwamba mtu amelala mezani anamtazama: kidevu chake, mkasi mkononi, na bati la karakana juu yake.

"Hii ina kamera?" aliuliza.

"Skrini hizi hazina kamera."

"Basi njoo utazame."

Mumewe alipofika, kioo kilikuwa cheusi. Akasema huenda ulibaki umeme kidogo ndani. Mama Kasuku alijua kwamba skrini zile hazina betri, hazitunzi umeme hata wa kupepesa jicho. Lakini mteja alikuwa ameshasimama mlangoni anauliza kiti chake, naye hakuwa mtu wa kubishana mbele ya wageni. Akaushona mto kwa cherehani, uzi mweusi, akaacha vidole viwili kama kawaida, na jioni mumewe akaupachika kwenye gari lao.

Asubuhi ya kwanza mumewe alirudi anapiga mluzi. "Hakusema neno. Kavaa hedifoni zake, katulia kama maji ya mtungini."

Asubuhi ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu Kasuku alikula chakula cha jioni bila kuuliza kitu, na mama yake akadhani amechoka. Siku ya nne aliitwa mara tatu kabla hajageuka. Siku ya tano alitaka maji, akanyoosha kidole kwenye jagi.

"Sema, mwanangu. Unataka nini?"

Mtoto alifungua mdomo. Midomo ilicheza, ulimi ulicheza, koo likapanda na kushuka, lakini hakikutoka kitu. Hakulia. Alimtazama mama yake kama mtu aliyesahau mahali alipoweka ufunguo.

Daktari alimulika koo, akasema ni zima. Mwalimu aliuliza kama nyumbani kuna ugomvi. Baba Kasuku aliketi kitandani akashika kichwa.

"Ni mimi niliyeomba kimya," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Nilikiomba kwa mdomo wangu, mbele ya mto ule. Wewe ulinisikia."

Kesho yake Mama Kasuku alisema atakwenda nao. Akakaa kiti cha nyuma pamoja na mtoto, mfuko wake wa kushonea ameuweka katikati yao. Kulikuwa na jua zuri, watu wanafagia mbele ya maduka yao, na foleni ilikuwa inasogea polepole. Kasuku alikuwa amevaa hedifoni, macho yapo kwenye skrini. Kioo kilionyesha katuni, sungura anamkimbiza mwenzake. Mama Kasuku aliinama, akaondoa hedifoni upande mmoja taratibu, akaweka sikio lake pale.

Hakusikia sungura. Alisikia sauti ya Kasuku, ile ile yenye pumzi fupi fupi, inaongea bila kituo: mama mbona mvua haina rangi, mama yule mbwa anaitwa nani, mama mwezi unalala wapi, mama, mama. Na alipoinua macho kuitazama skrini, sungura hawakuwepo tena, palikuwa na kiti cha nyuma cha gari lao hilo hilo, na mtoto wake upande mmoja na yeye mwenyewe upande wa pili ameinama, na katikati, mahali alipoweka mfuko, palikuwa na mtu wa tatu aliyekaa wima, magoti yamebanana kama abiria mwenye adabu, uso wake laini hauna macho wala pua ila mdomo tu, na mdomo huo ndio uliokuwa ukicheza sawasawa na maneno aliyokuwa akiyasikia sikioni, na kabla hajapata nguvu ya kugeuza shingo akasikia, pale kando ya paja lake, mkanda wa kiti cha katikati ukivutwa pole pole na kufungwa, tak.

Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa gari zima.

"Simamisha gari," alimwambia mumewe kwa sauti ndogo. "Usiulize. Simamisha."

Mumewe aliegesha. Akatoa fyuzi, akakata waya. Skrini iliendelea kuwaka. Akaushika mto wa kichwa auchomoe, nao ukapanda kidogo tu, na Kasuku akashika koo lake kwa mikono miwili, midomo ikaanza kuwa ya buluu. Akaurudisha haraka. Mtoto akavuta pumzi.

"Hakitaki kutoka," alinong'ona.

"Hakitaki kutoka bila yeye," mkewe alimjibu.

Jirani yao muosha magari ndiye aliyewaelekeza kwa mganga wa majini. Walitarajia mtu wa kutisha, akaja mwanaume mfupi wa makamo, shati limepigwa pasi, begi la mgongoni, anauliza kama pana mahali pa kunawa mikono. Alasiri hiyo waliliingiza gari ndani ya karakana na kufunga mlango. Mganga aliuzunguka mto, akaunusa, akakaa kwenye kigoda.

"Nani aliufumua?"

"Mimi," alisema Mama Kasuku.

"Ulikuwa na uzi gani?"

"Mwekundu. Fundo kila mshono."

Mganga alifumba macho kidogo. "Aliyeshona alijua anachofunga. Mama, huyu ni jini wa safari. Hana miguu yake mwenyewe, anakaa nyuma ya watu na kubebwa. Anakula maneno. Akimaliza maneno ya mtu, mtu huyo hubaki kiti tu. Na akiwa amekwisha kushika sauti ya mtu, ukiuondoa mto wazi hivi, anaondoka nayo."

"Wewe si unaweza kumtoa?"

"Mimi nitasoma, nitamzuia asisogee. Kufunga ni kwa mkono uliofungua. Geuza kioo kitazame ndani, kwenye sponji, ufunike, ushone kwa uzi mwekundu. Fundo kila mshono. Atakuita, na atakuita kwa sauti unayoipenda kuliko zote. Usiitike mpaka umalize."

Mama Kasuku alipima uzi kuzunguka mto mzima, akaukata. Akachukua sindano iliyopinda, akaingia kiti cha nyuma, akapiga magoti mbele ya mto. Akaufumua, akageuza kioo kitazame ndani, akakifunika kwa ngozi. Mumewe alimpakata Kasuku kwenye kigoda karibu na mlango. Mganga akaanza kusoma kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka.

Fundo la kwanza. La pili. La kumi.

"Mama," ilisema sauti ndani ya mto.

Akavuta uzi.

"Mama, huku padogo. Mama, naona giza. Mama, si mimi uliyemkalisha kule kwenye kigoda, mimi niko huku, unanishona mimi."

Aligeuza macho kumtazama binti yake mapajani mwa baba yake, mdomo wazi, kimya, macho makavu yanayomtazama bila kumfahamu, na moyo ukamwambia kwamba huenda ni kweli, kwamba aliyeko kigodani ni kiti tu na mtoto wake yuko huku chini ya vidole vyake anamsihi, na kila anapochoma sindano anamchoma yeye, lakini mkono ulikuwa umeshika njia yake ya miaka minane, ukaendelea kuchoma na kuvuta na kufunga, kuchoma na kuvuta na kufunga, machozi yakidondokea ngozi nyeusi na sauti ikizidi kuwa ndogo, mama nisamehe sitauliza tena, mama sitauliza tena, mpaka akapinda kona ya chini asikokuona vizuri, akafunga fundo la mwisho na kuukata uzi kwa meno.

Sauti ndani ya mto ikakatika.

Kisha kigodani Kasuku akakohoa. "Baba, unanibana," alisema. "Mbona mama analia? Huyu ni nani? Mbona mmefunga mlango mchana?"

Baba Kasuku alilia mbele ya mgeni bila aibu. Mganga alisimama, akauchomoa mto kwenye kiti chake, nao ukatoka bila shida. Akautia kwenye begi na kusema ataupeleka mbali, kwenye sanduku la chuma lisilofunguliwa. Gari la kukodi lilikuja kumchukua. Alikaa kiti cha nyuma, begi mapajani, akawapungia mkono.

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika nyumbani. Kasuku alikuwa analipa deni la wiki nzima. Chumbani alimpigia baba yake hadithi ya sungura wawili, na baba akawa anauliza maswali ya kijinga kwa makusudi ili isiishe. Mama Kasuku aliwasikiliza akiwa jikoni, akitoa vitu vyake mfukoni, sindano, mkasi, kastabani.

Kikatoka kipande cha uzi mwekundu.

Alikitazama. Alipima uzi wa kuzunguka mto mzima, na mafundo yake, wala yeye si mtu wa kukosea kupima. Haukutakiwa kubaki. Alikilaza juu ya meza, akakipiga mafundo kama anayeshona, akakinyoosha. Kisha, kwa sababu mkono wake ulijua kabla yake, aliweka vidole viwili kando kuona pengo ambalo kipande kile kingelifunga.

Ilikuwa sawasawa.

Alichukua simu akampigia mganga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikapokelewa.

"Halo, mama. Mimi dereva. Simu ya huyu mzee imeita sana nikaona niichukue. Nimeegesha pembeni. Namuuliza anashukia wapi, hanijibu, ananitazama tu."

"Begi lake liko wapi?"

"Analo mapajani. Mama, labda nimuulize mtoto, maana yeye ndiye anayeongea tangu tulivyotoka."

Mama Kasuku alishika ukingo wa meza. "Mtoto gani?"

"Huyu aliyepanda naye. Aliyekaa katikati."

Na nyuma ya sauti ya dereva aliisikia, yenye pumzi fupi fupi, inauliza mwezi unalala wapi.

Chumbani, hadithi ya sungura ilikatika katikati ya neno.

"Endelea, mwanangu," alisikia mumewe akisema huku anacheka bado. "Akafanyaje? Kasuku. Akafanyaje?"