Siku Tano Katika Faili la Latifa

"Sista, kazi yako ni kuchoma sindano au kuuliza maswali?" Mama Hawa alifoka. "Daktari keshaandika! Mtoto anaungua, wewe unasoma makaratasi!"

"Kazi yangu ni vyote viwili," Sista Theresia alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye faili. "Leo naanza na maswali."

Riziki, mwanafunzi wa darasa la sita, alisimama miguuni pa kitanda akiwa ameshika chupa ya uji ambao hakuna aliyeunywa. Kitandani alilala Latifa, binti wa Mama Hawa, mama mdogo wa Riziki. Alikuwa akihema kama mtu aliyetoka kukimbia. Kifua kilikuwa kimembana tangu juzi, na asubuhi hiyo walimleta kwa bajaji kutoka Ufukoni hadi kituo cha afya.

"Faili linasema mwezi uliopita Latifa alikuwa na kilo arobaini na sita," Sista Theresia aliendelea. "Nimempima sasa hivi, ana thelathini na mbili. Kilo kumi na nne zimekwenda wapi, mama?"

"Mtoto akiumwa si anakonda?"

"Kwa mwezi mmoja? Hata samaki wa kuanika hakauki hivyo."

Bibi mmoja aliyengoja kusafishwa kidonda alidakia kutoka kwenye benchi. "Mchome basi, mwanangu! Nasi tuna vidonda vyetu!"

"Bibi, kidonda chako kitanisubiri. Huyu pumzi zake hazisubiri."

Mdomo wa Sista uligombana na watu wawili, lakini mikono haikusimama. Aliinua kichwa cha kitanda, akamwegemeza Latifa kwenye mito, akamwekea mpira wa oksijeni puani. Sindano iliyokwisha kuandaliwa aliifunika kwa kitambaa. Kisha akalirudia faili.

"Hapa pameandikwa alichomwa penisilini siku tano, haikumdhuru. Ndiyo maana daktari kaandika dawa ile ile. Nauliza kwa mara ya mwisho, aliyechomwa ni huyu?"

"Ni huyu," alisema Mama Hawa, na chini ya khanga akamfinya Riziki mkono.

Riziki alijua. Siku tano zile zilikuwa zake. Mwezi uliopita jipu lilimvimba mguuni hata akashindwa kukanyaga. Nyumbani kwao hawakuwa na bima. Baba yake Latifa, mwajiriwa wa bandarini, alikuwa na kadi ya kila mtoto wake. "Mpelekeni kwa kadi ya Latifa," mama mdogo alisema kwa moyo mweupe. "Picha yenyewe ya utotoni, nani atajua?" Njiani walimfundisha kwamba akiitwa Latifa, aitike. Aliitika siku tano. Siku ya tatu yeye na Latifa walikuwa wakilicheka jambo hilo, na Latifa akaanza kumwita pacha wangu.

Sasa pacha wake alikuwa anatafuta hewa kwa mabega.

"Ni mimi," Riziki alisema.

"Nyamaza, wewe!"

"Ni mimi, Sista. Nilichomwa mimi, kwa jina lake." Aliinua pindo la sketi. Kovu la jipu lilikuwa bado jekundu.

Mama Hawa alimtazama kama mtu aliyetemewa mate. "Nimekutibu, mtoto wa dada yangu, halafu unanianika mbele za watu?"

Sista Theresia hakumkaripia mtu. Aliitoa ile sindano kwenye sinia, akaiweka mbali. "Tuanze upya, mama. Latifa mwenyewe aliwahi kudhurika kwa sindano?"

Mama Hawa aliketi ukingoni mwa kitanda. Sauti yake ilishuka.

"Alipokuwa na miaka miwili, kwa mama yangu, Kilambo. Alichomwa, uso ukavimba, macho yakafumba, akawa anakoroma. Mama alisema ni kijicho cha watu. Tukamfukizia ubani."

"Ubani," Sista Theresia alirudia polepole. "Huo ni mwili kuikataa dawa, na huenda ilikuwa penisilini." Akatoka mbio kumwita daktari.

Dawa ilibadilishwa, ikaletwa isiyo ya jamii ya penisilini. Juu ya jalada la faili ziliandikwa herufi kubwa nyekundu: ASIPEWE PENISILINI. Sista alikaa pale pale akimtazama Latifa midomo na kuhesabu pumzi. Aliporidhika ndipo akaenda kwa bibi wa kidonda. Adhana ya adhuhuri ilipolia, Latifa aliomba uji.

Mama Hawa alifuta machozi. "Alhamdulillahi, yamekwisha."

"Hayajaisha," alisema Sista Theresia. "Ulimwonea dada yako huruma, naelewa. Lakini faili si sufuria la kuazimana. Kila kilichomo ni mwili wa mtu. Sindano ile ningeichoma mimi, kwa mkono wangu, na karatasi zingesema sikukosea." Akamgeukia Riziki. "Nawe usijisifu. Ukweli wako umechelewa mwezi mzima, umewahi kwa dakika chache tu. Muuguzi akikuuliza jina, anakulinda. Taja lako, na utaje kila dawa iliyowahi kukudhuru. Ukidanganya hospitali, anayeumia anaweza kuwa mwingine kabisa."

Riziki aliinamisha kichwa.

"Siku tano zile bado zimo humu," Sista alisema, akiligonga faili kwa kidole. "Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, yuko ofisini. Mimi nitamweleza, ila ni heri mumweleze wenyewe."

"Kadi itachukuliwa," Mama Hawa alinong'ona. "Baba Latifa ataitwa kazini kwake. Tungoje kesho, Sista."

"Jioni naondoka. Muuguzi atakayeingia ataamini kipi, maandishi mekundu au siku tano zile?"

Riziki aliweka chini chupa ya uji, akaichukua kadi ya bima juu ya kabati dogo la kitanda.

"Riziki! Irudishe hapo!"

Hakuirudisha. Alitoka, akaifuata korido hadi mwisho. Nyuma yake alisikia ndara za mama mdogo zikimfuata, hatua mbili nyuma, bila kumwita tena na bila kumshika mkono. Akabisha hodi, akaingia, akaiweka kadi juu ya meza.

"Shikamoo, daktari. Naitwa Riziki Bakari. Kwenye faili la Latifa kuna siku tano ambazo ni zangu."