Dakika Nne za Valary

Mnanichosha. Kila mkija kunywa chai yangu mnataka habari za Maurice Obare, kana kwamba mkewe si mtoto wa dada yangu na sijala aibu yake ya kutosha. Haya, nitaisema mara moja. Anayetaka kuchekacheka atoke nje akacheke na kuku.

Maurice alikuwa mwalimu wa kwaya mstaafu pale Homa Bay, mtu wa tai hata siku ya kufua. Kila Jumapili alasiri alikaa redioni kuhukumu watu wanaopiga piano. Si piano ya kanisani. Ile ya Wazungu wa miaka mia mbili iliyopita, waliokuwa wakipenda, wakikohoa na kufa mapema. Muziki wa Kiromantiki, alikuwa akisema, huku akilivuta neno kama mtu anayenyonya mfupa. Mimi niliishia darasa la tatu, na piano kwangu ni kabati lenye meno. Lakini namjua mtu anayesikiliza, na namjua anayesubiri chakula.

Valary alikuwa mshonaji wa Karungu. Mtawa mmoja alimfundisha piano misheni akiwa msichana, na kwa miaka thelathini, kila akifunga cherehani, alipita huko kupiga. Nje ya Karungu hakuna aliyemjua. Ukumbi mpya wa muziki ulipofunguliwa Homa Bay, wenyewe walitaka mtu wa kupiga na kufundisha watoto. Wakasema anayeitaka kazi ampelekee Maurice rekodi zake, na Maurice akisema ndiyo, basi ni ndiyo. Valary akamwita Dahir, mwenye duka la vyombo vya muziki Migori, akaja na mashine yake. Wakarekodi CD tatu. Akazipeleka mwenyewe, zimefungwa kwa kipande cha kitenge.

"Mwalimu, naomba usikilize zote," alimwambia mlangoni. "Piano ya misheni huchelewa kupata joto. Na mimi vilevile."

"Mama, nitasikiliza kinachostahili."

Jumamosi mchana akaiweka ya kwanza. Ilikwenda dakika nne. Mellen, mkewe, akaita kwamba samaki yuko mezani. Maurice akazima, akanawa mikono, na hakuiwasha tena.

Kesho yake akanyoosha tai mbele ya kipaza sauti, kana kwamba redio inaonyesha tai.

"Wimbo wa usiku unatakiwa kupumua," alisema. "Wa huyu mama una pumu. Mkono wake wa kushoto unatwanga mtama. Kanyagio analikanyaga kama breki ya lori la miwa. Waliotunga muziki huu waliandika kwa machozi, yeye ametuletea jasho. Nimesikiliza CD zote tatu, wapenzi wasikilizaji, ili nyinyi msiteseke."

Mji mzima ulicheka. Nami nilicheka, sitadanganya. Kazi akapewa mpwa wa mtu. Valary akarudi kwenye cherehani, na piano hakuigusa tena. Baada ya miezi mitatu kifua kilimbana, akafa. Msinitazame hivyo. Sikusema maneno yalimuua. Nimesema alikufa.

Maurice alikwenda matangani, maana kulikuwa na watu wa kumwona. Sasa hapa ndipo upumbavu wake ulipo. Kwetu, mtu mliyeachana vibaya akifa, huingii kwake ukala hivi hivi. Unakunywa manyasi kwanza, maji ya mizizi, ili kilichobaki kati yenu kiishie langoni. Hata mtoto wa chekechea anajua. Boaz, kaka wa marehemu, alikuwa amemngoja hapo na kibuyu.

"Mwalimu, kunywa kidogo kwanza."

"Ya nini? Mimi sikugombana na mtu. Nilihukumu CD. Huo ni usomi, Boaz, si ugomvi."

Boaz akasogea, akashusha sauti. "Ulizisikiliza zote?"

"Zote."

Boaz akakizibua kibuyu. Kisha akayamwaga maji yale chini, akampisha.

Maurice akaingia. Akala. Akaomba aongezwe.

Jumapili iliyofuata alikuwa studioni, saa tisa mchana, jua linachoma mabati. Zamu hiyo wa kuhukumiwa alikuwa kijana mmoja wa Nairobi. Monari, fundi wa mitambo, akabonyeza. Maurice akasikiliza kidogo, akapiga miayo, akaandika tusi la kwanza. Akiwa anatafuta la pili, kalamu ikasimama.

Mkono wa kushoto ulikuwa unatembea taratibu, kama mama mwenye mtungi kichwani asiyetaka hata tone limwagike. Wa kulia ulibaki nyuma kidogo, kana kwamba una jambo unaona haya kulisema, kisha ukaufikia mwenzake pale pale ulipotakiwa. Malaika ya mikono yakamsimama. Miaka yote aliyojifanya bwana mkubwa wa muziki huo, hakuwahi kuusikia ukipigwa hivyo.

"Nani huyu anapiga?" akauliza.

"Kijana wa Nairobi, mwalimu."

"Si yeye."

Monari akaitazama mashine, akamtazama yeye. "Mwalimu, imeisha. Dakika mbili sasa."

Maurice akavua visikilizio. Piano haikukoma. Na katikati ya noti mbili, karibu kabisa na sikio lake, mwanamke akavuta pumzi.

Hapo akajua. Wimbo ulikuwa unaendelea kutoka pale alipouzima.

Ulikwenda naye nyumbani. Ulikaa naye mezani. Mellen akizungumza, aliona midomo tu. Wimbo mmoja ukiisha kulikuwa na kimya, na katika kimya hicho alisikia ya dunia: jogoo, bodaboda, mkewe akimuuliza ana nini. Kisha kiti kinalia. Karatasi inafunuliwa. Pumzi. Wimbo mwingine.

Siku ya kwanza kimya kilitosha kusali Baba Yetu. Siku ya nne, nusu yake. Siku ya saba alimsikia Mellen, "Baba Awino, u—"

Basi.

Mellen akampeleka Karungu. Maurice akapiga magoti kaburini, suruali ya suti kwenye udongo, akayasema yote. Dakika nne. Samaki. Uongo wa redioni na uongo wa langoni. Mellen akamwomba Boaz manyasi. Boaz hakubishana naye. Aliokota kijiti akamwandikia mgonjwa ardhini: Yalikuwa ya langoni.

"Lakini ni hodari," Maurice akasema kwa sauti kubwa, kama viziwi wanavyofanya. "Hakuna anayempita. Wekeni CD, msikie wenyewe."

Wakaziweka, wote wamesimama uani. Ya kwanza ikalia dakika nne, ikanyamaza. Ya pili haikuwa na kitu. Ya tatu haikuwa na kitu.

Wakaenda Migori kwa Dahir siku hiyo hiyo. Akafungua mashine yake ambako kazi yote ilihifadhiwa. Dakika nne. Akatafuta tena. Dakika nne. Akaketi juu ya katoni.

"Wallahi mama, nilimrekodi mwenyewe," alimnong'oneza Mellen. "Saa tatu nzima. Nilitoka pale nimelia." Akaizima mashine. "Lakini sikumbuki ulikuwaje. Hata kipande kimoja."

Ile mashine bado iko dukani, imefunikwa shuka. Ukimuuliza bei, Dahir anakuonyesha nyingine.

Maurice akarudi redioni kutangaza kwamba mshonaji wa Karungu aliwashinda wote aliowahi kuwahukumu. Wakamwandikia: leta tusikie. Alete nini? Wakampa mwingine kiti chake. Sasa anashinda barazani na daftari, anahukumu. Amejaza kumi na moja, sifa tupu, za muziki ambao hakuna mtu mwingine atakayeusikia. Ni kazi nzuri, anasema. Namwachia aseme.

Mnadhani hapo deni liliisha. Mwezi wa pili binti yake Awino alijifungua, mtoto wake wa kwanza baada ya kungoja miaka tisa. Nilikuwapo. Mellen alimchukua yule mtoto, hajaoshwa vizuri, akamweka kifuani mwa babu yake. Mtoto alikuwa amekunja ngumi, macho amefumba, mdomo wazi hadi koo, na kelele zake zilitoa majirani nje.

Maurice akamtazama mdomoni. Akatutazama sisi, mmoja mmoja.

"Analia?" akauliza.

Mellen akaitikia kwa kichwa. Maurice akamkumbatia mtoto, akainamisha sikio hadi likagusa ule mdomo, akakaa hivyo muda mrefu. Na vidole vyake, pale mgongoni mwa mtoto, vilikuwa vinafuata wimbo mwingine.