Mnazi wa Asiye na Jina

Alasiri ile mdogo wangu Himid aliniita nyumbani kwetu Tunguu, nimshikie kamba ya kuangushia mnazi. Alitaka kuoa, akahitaji pahala pa kujenga, na nyuma ya nyumba ya marehemu mama yetu palikuwa na minazi mitatu. Alinunua msumeno wa moto, ule wa mnyororo, wa betri, usio na moshi.

Kwetu, kitovu cha mtoto kikikatika huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi. Mmoja ulikuwa wangu. Mmoja wa Himid. Wa tatu hatukujua ni wa nani. Mama aliumwagilia maji mpaka anakufa, na hakuwahi kula nazi yake.

"Wangu na wako tunaiwacha," Himid alisema. "Huu hauna mwenyewe."

Mama yetu mdogo, Bi Tahiya, alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Himid, uwache huo."

"Kwani wa nani?"

Akanong'ona. "Wa mwenzenu. Kakutangulieni nyote. Hakufika siku ya saba, hata jina hajapewa."

"Basi hatodai kiwanja." Himid akacheka.

"Usifanye mzaha, mwanangu. Mwenye jina huitwa, akaambiwa ondoka, akaondoka. Huyu utamwitaje?"

"Basi achukue langu. Nshampa. Mie nataka nyumba."

Bi Tahiya akajifunika uso kwa kanga, akarudi ndani.

Msumeno ukaingia kwenye shina. Vuuu... Ikatoka harufu. Si ya mti. Ya maziwa yaliyochacha, na damu mbichi.

Kisha ukazimika.

"Betri imekwisha." Himid akaichomoa, akanipa nikaichaji. Yeye akabaki kuuvuta msumeno, umenasa kwenye shina. Betri ilikuwa ya moto kiganjani mwangu. Nilipofika mlangoni, muadhini akaanza adhana ya magharibi.

Vuuu...

Betri nnayo mkononi.

Niligeuka. Msumeno ulikuwa shingoni mwa Himid. Aliusukuma kwa mikono yote miwili, na vidole vyake vilikuwa vikianguka mchangani. Nilikimbia, nikakamata mpini, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Upande wa pili kulikuwa na kitu kinavuta.

Kidogo. Kina nguvu. Nilisikia pumzi yake mkononi mwangu, inanuka maziwa. Mnyororo ukanichana kiganja mpaka mfupa. Damu ya ndugu yangu ilinijaa machoni na mdomoni. Nilisoma Ayatul Kursiy, nikakosea, nikaanza tena.

Adhana ilipokwisha, msumeno ukanyamaza. Kichwa cha Himid kilikuwa kimeshikwa na ngozi tu.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Polisi walisema bila shaka palikuwa na betri ya pili. Hapakuwa nayo. Wameuchukua msumeno. Mnazi ungali umesimama, na kila asubuhi jeraha lake hutoa maji mekundu. Bi Tahiya huyafuta kwa kanga yake.

Mimi baada ya kila sala humuombea maiti wangu. Magharibi ya jana niliinua mikono.

"Ya Rabbi, msamehe ndugu yangu, Himid..."

Nyuma ya sikio langu, sauti ya mtoto mdogo ikaitika.

"Naam."

Tangu hapo naomba bila ya kulitaja jina. Allah anajua namwombea nani. Lakini kila nikiinua mikono, ile harufu ya maziwa husogea karibu zaidi... inangoja niite.