Kisanduku Kilichoachwa Kitupu

Roboti la familia lilimtaja mtoto kwa jina kabla mtoto hajapewa jina.

Aliyeliandika roboti hilo ni mama wa mtoto mwenyewe, ambaye ndugu walimwita Fundi kwa kuwa alitengeneza programu hata akiwa amempakata kichanga. Halikuwa na mwili; lilikaa kwenye kundi la soga la ukoo simuni, likimlaki kila anayeingia. Fundi alilipa visanduku vya maneno, kila kimoja na jina lake. Ukiweka neno ndani, roboti hulichota linapolihitaji. Vingine hufutika kazi ikiisha, vingine hubaki hata mashine ikizimwa. Kile alichokiita %mtoto alikifanya cha kubaki, akakiacha kitupu, maana mumewe na babamkwe walikuwa bado wanavutana juu ya jina, na hao wawili wakivutana, afadhali uende zako ukalale.

Asubuhi moja shangazi wa mumewe, mkunga mstaafu, aliingia kwenye soga. Roboti likamkaribisha, likaongeza: "Mtoto wetu anaitwa," na baada ya hapo jina ambalo kila aliyelisoma alilitamka kivyake, na hakuna aliyeweza kulirudia.

"Ni wewe uliyejaza?" Fundi alimuuliza mumewe.

"Mimi? Mtu nisiyejua hata kubadilisha mlio wa simu?"

Fundi akalifuta jina hilo. Kufikia adhuhuri lilikuwa limerudi, na chumbani mlikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Alilisoma tena, kwa mnong'ono tu, na mtoto aliyekuwa amelala fofofo akafumbua macho na kumgeukia.

Aliogopa. Alimpigia shangazi simu, na mama huyo akaja na kanga begani, hata viatu hakuvua.

"Nieleze hicho kisanduku," alisema kwa sauti ya chini. Fundi akamweleza.

"Kwa hiyo umejenga nyumba, ukaibandika jina la mwanao, ukaiacha wazi."

"Shangazi, ni programu tu."

"Na aliyeingia anajua hilo? Nyumba tupu haikosi mpangaji, mwanangu. Mtoto apewe jina sasa hivi, kisha uivunje. Ukichelewa, mwanao atakuwa wa huyo aliyemwita kwanza."

Ubishi wote ule ukaisha kwa pumzi moja. Babamkwe alikubali jina alilolichagua mwanawe bila kukohoa. Shangazi alimnong'oneza mtoto jina hilo sikioni, akamsomea dua, huku Fundi akiandika amri ya kukifuta kisanduku chenyewe, akikosea kwa haraka na kuanza upya. Mtoto alilia kilio kikali kilichowatoa wote jasho, kisha akatulia. Harufu ikaisha. Shangazi ndipo alipokumbuka viatu vyake, wakacheka, na wanaume wakamsindikiza hadi barabarani.

Fundi alibaki na mtoto mapajani. Akafungua soga ili awape ndugu habari njema.

"Karibu," roboti likaandika. "Mama wa mtoto anaitwa," halafu hakuna kitu.

Sentensi hiyo hakuiandika yeye. Alitazama kwenye visanduku, akakuta kipya, %mama, na kilikuwa kitupu. Aliandika jina lake, kikabaki kitupu, akaliandika tena pamoja na la baba yake na la babu yake, akibonyeza kwa nguvu kama anayegonga mlango uliofungwa na yeye yuko nje, na kadiri alivyoandika ndivyo ile harufu ya nywele zilizoungua ilivyorudi taratibu kutoka upande wa mlango, ambao wanaume walikuwa wameuacha wazi.

Akaacha kuandika, akamkumbatia mwanawe na kumpa titi.

Mtoto hakulishika. Aligeuza uso, mdomo wazi, kama wafanyavyo wachanga wanaponusa mama yao, akaanza kutafuta titi upande wa mlango.