Programu Iliyojua Inachunguliwa

Umewahi kuhisi unachunguliwa, ukaacha ulichokuwa ukifanya, ukashika fagio ukajifanya unafagia? Basi programu ya Fundi ilikuwa na tabia hiyo hiyo.

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma ya duka la viatu, kinanuka gundi. Viti vitatu, kimoja kimeegemezwa ukutani kwa sababu mguu umelegea. Fundi akaeleza. Programu itafungua mlango wa ghala la dhahabu. Lakini kwanza itajipima. Kutoka mstari mmoja wa maagizo yake hadi mwingine ni kufumba na kufumbua. Ikicheleweshwa, ujue kuna mtu ameisimamisha kwa kifaa cha kukagulia, anaisoma hatua kwa hatua. Hapo itajifanya saa tu. Haifungui kitu.

"Ina haya kuliko mke wangu," alisema Dereva.

"Na bastola?" Fundi aliuliza.

"Hakuna bastola." Huyo ni Shemeji, mkubwa wao, mume wa dada yake Fundi. "Mlinzi mwenyewe mzee. Tunamfunga kamba, basi."

Juzi dada yake Fundi alikuja jicho limevimba. Alisema amejigonga kabatini.

Saa nne na nusu. Ndani ya gari Shemeji aliinama kufunga kiatu. Shati likapanda. Chuma kiunoni. Fundi alikiona, akafungua kompyuta, akabonyeza mara mbili.

Saa tano kasorobo. Mlango wa nyuma wa ghala. Waya umechomekwa. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea saa, mshale mwembamba ukizunguka taratibu.

"Nini hii?" aliuliza Shemeji.

"Inachunguliwa."

Shemeji akachomoa bastola, akamgeukia Dereva. "Umetuuza."

"Mimi? Hata simu yangu nawashiwa na mwanangu." Dereva alikodoa macho kwenye kioo. "Fundi, hiki hapa pembeni si ndicho kile kifaa chako cha kukagulia? Umesahau kukifunga, ndugu yangu."

"Kifunge," alisema Shemeji.

Ndani, kandambili za mlinzi ziliburuta sakafuni. Kikohozi. Kijiko kikagonga kikombe.

Fundi aliuchomoa waya, akaifunika kompyuta, akaikalia.

"Sikusahau."

Dereva alirudi kinyumenyume hadi garini. Injini ikawaka. Gari likaondoka bila wao.

Bastola ilimfikia Fundi kwenye paji la uso. "Unataka nini wewe?"

Miaka sita akimfanyia Shemeji kazi, hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Mzee amalize chai yake," alisema. "Na wewe umwache dada yangu."