Friji la Mzee Honi

Kila asubuhi, jua likishachomoza, Mzee Honi alizima friji. Alikuwa dereva wa basi aliyestaafu, na jina hilo alipewa na abiria waliochoshwa na honi yake. Friji lilihifadhi insulini, dawa ya sukari ya mkewe. Kwa joto la chumba chao, dawa hiyo isipowekwa penye ubaridi huharibika.

Mzee hakuwa mjinga. Umeme wao ulikuwa wa sola, na betri iliisha kabla ya kupambazuka. Akaona abane matumizi mchana ili wapate umeme wa usiku. Hata basi lake alilibania mafuta hivyo hivyo.

Wiki hiyo sukari ya mkewe ilipanda, ingawa alijidunga kama kawaida. Muuguzi wa zahanati alipokuja kumwona, akaishika chupa ya dawa iliyokuwa frijini. Ilikuwa na joto. Alihofia imeharibika, akawapa nyingine. Mzee Honi alinyong'onyea. Mkewe hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akamwita jirani yao, fundi wa sola. Binti yule alipanda juu ya paa, akashuka, akakagua betri, kisha akauliza friji huwashwa saa ngapi. Mzee akamweleza bila kuficha.

"Baba, jua si tangi la mafuta," fundi alisema taratibu. "Betri ikishajaa, umeme wa mchana usipoutumia unapotea bure."

"Kumbe nilikuwa najibania bure?"

"Ndiyo, baba. Washa friji mchana. Gandisha chupa za maji, zitatunza ubaridi usiku. Ila dawa isigusane na barafu. Ikiganda, imeharibika pia."

Betri nayo, alisema, ilikuwa imechoka. Siku hizi zipo zinazotunza umeme mwingi zaidi na kudumu miaka mingi. Huko mbele, nyumba nyingi zitatumia usiku jua lililohifadhiwa mchana. Mzee akakubali kubadilisha betri.

Baada ya wiki chache mawingu yalitanda siku mbili. Asubuhi ya tatu Mzee Honi alifungua friji kwa wasiwasi, akaishika chupa ya dawa. Ilikuwa baridi vizuri. Akampelekea mkewe, ambaye sukari yake ilikuwa imeshatulia.

"Mikono yako ina baridi, mume wangu," mkewe alisema.

Akaiweka dawa kando, akaifumbata mikono ya mumewe kwa yake mpaka ikapata joto.