Sauti Yangu Ilikwenda Wapi

Duka la vyombo vya muziki lilijaa watu hadi mlangoni, kila mmoja anataka kuhudumiwa kwanza. Fundi, ambaye kazi yake ni kuendesha mitambo ya sauti kwenye bendi ya ukumbi wa hoteli, alikuwa anajaribu maiki. "Moja, mbili. Moja, mbili," alisema kwa sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi.

"Kaka, hiyo maiki utaiua kwa uvivu," alisema dada mmoja nyuma yake. Alivaa gauni la njano, viatu amevishika mkononi kwa sababu vilimbana. Aliipokea maiki, akaimba mstari mmoja tu. Muuzaji akaacha kufunga mzigo. Fundi naye moyo ukamlipuka paa, na mtu na akili zake akawa amekwisha.

Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa kiongozi wa bendi. Dada akapewa nafasi ya kuitikia nyuma, katikati ya wenzake wawili, na kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, wakamwita Chiriku. Mapenzi yao yakakua kwenye simu.

"Nikwambie kitu, usicheke," Chiriku alimwambia siku moja.

"Sicheki, mpenzi."

"Mimi ni wa kati. Shuleni nilikuwa wa kati, nyumbani mtoto wa kati, hata jukwaani nasimama katikati. Nimechoka. Mwaka huu hauishi kabla sijasimama mbele, nikauimba ule wimbo wa kufungia onyesho mpaka pale sauti inapopanda juu kabisa."

"Pale hata kiongozi mwenyewe anapakwepa."

"Ndiyo maana napataka."

"Mimi unanitosha hivyo hivyo ulivyo."

"Asante," alijibu Chiriku, lakini asante yenyewe haikuwa na sukari.

Tangu hapo, kila alfajiri kabla ya kwenda kiwandani alikofunga sabuni, alipanda juu ya paa la ghorofa aliloishi na dada yake mkubwa, akaimba mpaka majirani wakagonga masufuria. Hakujali. Na Jumapili moja, kwenye onyesho la mchana, dada yake akiwa ukumbini, kiongozi akamwita mbele auimbe wimbo ule.

Fundi alikaa nyuma ya mitambo, jasho linamtoka. Alimjua Chiriku pumzi kwa pumzi. Alipomsikia anapanda kuelekea pale juu, alijua hafiki. Kidole chake kikashusha maiki ya Chiriku taratibu, kikapandisha za waitikiaji. Watu wakapiga makofi, Chiriku akainama kwa furaha, na Fundi akajiona mwanamume wa kupigiwa mfano.

Kesho yake simu ikalia.

"Dada alinirekodi. Nimesikiliza. Pale juu simo. Sauti yangu ilikwenda wapi?"

Fundi akakiri. "Nilikukinga, mpenzi. Ulikuwa unakwenda kupasuka."

"Nani alikwambia naogopa kupasuka? Naogopa kubaki nilivyo. Na wewe ndivyo unavyonitaka."

Akakata. Fundi alipiga tena na tena, haikupokelewa. Mazoezini Chiriku alimpita kama anavyopita meza. Fundi akakonda, na kilichomuuma zaidi ni kwamba aliyosema Chiriku yalikuwa kweli. Alimpenda bila kumwamini.

Siku kiongozi alipompa Chiriku nafasi nyingine, ukumbi ulijaa. Alitoka na gauni jeusi refu, hana hereni wala mkufu. Akamtazama Fundi mara moja, basi. Fundi akaipandisha maiki yake hadi mwisho, kisha akaiingiza mikono yote miwili mifukoni.

Chiriku akapanda. Pale juu sauti ikapasuka vibaya, ukumbi mzima ukasikia. Mtu akacheka, wengine wakafuata. Mikono ya Fundi ikachomoka mifukoni yenyewe, akaikalia. Chiriku alisimama tuli. Akawageukia wapigaji wa vyombo, akawaashiria warudie sehemu ile, akavuta pumzi, akapanda tena mbele ya watu wale wale waliomcheka.

Akafika. Sauti ilisimama pale juu, safi, ikakaa kama iliyozaliwa huko. Wahudumu waliganda na sinia zao. Fundi alikuwa amesikia waimbaji maisha yake yote, lakini hakuwa amewahi kumwona mtu akikua mbele ya macho yake. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Walikutana kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa.

"Leo mikono yako ilikuwa wapi?"

"Niliikalia."

"Uliona nilivyochekwa?"

"Niliona. Nilikufa palepale kwenye kiti, lakini sikugusa kitu. Nisamehe, Chiriku. Mara ile nilikuona mdogo, kumbe mdogo nilikuwa mimi."

Chiriku akamweka sawa kola ya shati.

"Kesho njoo nyumbani umwone dada. Na shati upige pasi, maana yeye huangalia kola kabla ya uso."

"Nimwone kwa habari gani?" Fundi aliuliza.

"Mwambie umepata mke. Mwambie alianguka mbele za watu, na wewe ukamwacha ainuke mwenyewe."